Konzo: ugonjwa wa muhogo mchungu na vipimo vya sumaku vinavyochunguza ubongo

Konzo humlemaza mtu miguu kwa muda mfupi sana, mara nyingi kwa siku moja, na ulemavu huo haupoi. Vipimo vinavyotumia nguvu za sumaku vimesaidia kuonyesha mahali ambapo mwili umeharibika. Kinga yake, hata hivyo, iko jikoni.

Palma ni wilaya ya mwisho ya Msumbiji kabla ya kufika mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania. Ulimwengu umeifahamu kwa mambo mawili: gesi asilia ya rasi ya Afungi, na shambulio la tarehe 24 Machi 2021 lililowafanya maelfu ya wakazi wake kukimbia. Wenyeji wa pwani hiyo, wanaozungumza Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili, wanaifahamu zaidi kwa samaki, minazi na muhogo.

Muhogo ni zao la kutegemewa wakati wa shida. Huvumilia ukame, humea katika ardhi isiyo na rutuba, na huweza kuachwa ardhini kwa miezi mingi hadi utakapohitajika. Aina zake chungu zina faida nyingine: nyani na nguruwe mwitu hawazipendi sana. Kwa sababu hizo, pale ambapo mvua imekosekana au vita vimewatawanya watu, muhogo mchungu ndio hubaki. Lakini uchungu huo ni dalili ya sumu, na sumu hiyo isipoondolewa vizuri huweza kumlemaza mlaji maisha yake yote.

Konzo ni nini?

Konzo ni ugonjwa wa neva unaokakamaza miguu yote miwili kwa pamoja. Mtu aliyelala mzima huweza kuamka asubuhi akashindwa kusimama. Hana homa kali wala hajaumia, na hisia za ngozi yake kwa kawaida ni timamu. Baada ya siku au wiki chache, baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kidogo. Hali inayobaki baada ya hapo huwa ya kudumu, lakini haizidi kuwa mbaya isipokuwa mgonjwa apatwe na shambulio jingine.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwaka 1996 vigezo vitatu vya kuutambua ugonjwa huu. Cha kwanza ni mwendo wa kukakamaa unaoonekana wazi katika miguu yote miwili, mtu anapotembea au kukimbia. Cha pili ni kwamba tatizo liwe limemwanza mtu aliyekuwa mzima katika muda usiozidi wiki moja, kisha lisiendelee kukua. Cha tatu ni magoti au vifundo vya miguu kuruka kupita kiasi vinapogongwa, bila dalili ya ugonjwa wa uti wa mgongo.

Mgonjwa mwenye konzo nyepesi hutembea bila msaada. Mwenye konzo ya wastani huhitaji fimbo moja au mbili, na mara nyingi hukanyaga kwa ncha za vidole huku magoti yakikaribiana. Mwenye konzo kali hawezi kutembea kabisa, na baadhi yao hupata pia shida ya kusema au ya kutumia mikono. Wanaoathirika zaidi ni watoto waliopita umri wa miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Watoto wadogo ambao bado wananyonya kwa kawaida husalimika.

Kutoka Kwango hadi Nampula

Ugonjwa huu ulielezwa kwa maandishi mwaka 1938 na daktari Giovanni Trolli, kutokana na wagonjwa wa eneo la Kwango katika Kongo ya Wabelgiji. Jina lenyewe linatoka katika lugha ya Kiyaka ya eneo hilo, na linabeba maana ya miguu iliyofungwa.

Nchini Msumbiji, mlipuko mkubwa ulitokea mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, kusini mwa Cabo Delgado. Ukame ulikuwa umeharibu mazao mengine, na watu walibaki na muhogo mchungu. Wizara ya Afya ya Msumbiji iliorodhesha wagonjwa zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake na watoto. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Miongoni mwa waliouchunguza walikuwa Julie Cliff, daktari mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi Maputo kwa miaka mingi, na Hans Rosling, daktari kutoka Sweden aliyekuwa akihudumu katika mji wa Nacala.

Ilibidi kwanza kuondoa shaka kwamba yalikuwa maambukizi. Polio, kwa mfano, hulemaza watoto, lakini miguu iliyopooza kwa polio hulegea, ilhali ya konzo hukakamaa. Kilichounganisha vijiji vilivyoathirika kilikuwa chakula: wagonjwa na majirani zao walikuwa na viwango vikubwa vya tiosianati, kemikali ambayo mwili huitengeneza unapojitahidi kuondoa sumu ya sianidi.

Ugonjwa ulirudi na vita. Mwaka 1992 na 1993, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikifikia mwisho, wagonjwa wapya walipatikana katika wilaya ya Mogincual, Nampula. Upande wa Tanzania, mlipuko uliotokana na ukame ulichunguzwa Tarime, mkoa wa Mara, mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa walipatikana mkoani Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma. Kwa hiyo Palma iko kati ya maeneo mawili ambayo konzo imewahi kuzuka, na watu wake hulima zao lile lile.

Sumu hutoka wapi?

Ndani ya mzizi na majani ya muhogo mna kemikali iitwayo linamarini. Kwenye sehemu nyingine ya seli hizo mna kimeng'enya chenye uwezo wa kuivunja. Seli zikiwa nzima, viwili hivyo havikutani. Muhogo unapotwangwa, kukunwa au kuvundikwa, kuta za seli huvunjika, kimeng'enya huigusa linamarini, na hatimaye sianidi hutoka kama gesi na kupotea hewani. Sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, kiwango ambacho mchana wa pwani hukipita kwa urahisi.

Tatizo ni muda. Vipande vikubwa vikianikwa juani moja kwa moja, hukauka kabla seli nyingi hazijavunjika, na linamarini hubaki katika makopa na baadaye katika unga. Kuloweka kwa siku tatu au nne huondoa sumu vizuri zaidi, lakini familia yenye njaa haina siku nne za kusubiri. Mwaka wa ukame huzidisha hatari kwa njia mbili: mmea wenyewe hutengeneza linamarini nyingi zaidi, na watu hufupisha maandalizi.

Mwili una njia yake ya kujilinda. Hubadilisha sianidi kuwa tiosianati, ambayo hutoka kwa mkojo. Lakini kazi hiyo huhitaji salfa inayopatikana katika protini za samaki, nyama, mayai na kunde. Mtu anayekula ugali wa muhogo na samaki ana kinga ambayo mwenye kula ugali huo na mboga pekee hana. Ndiyo maana konzo haiwapati wote walao muhogo. Huwapata wale walao muhogo mchungu, ulioandaliwa kwa haraka, kwa wiki nyingi mfululizo, bila protini ya kutosha.

Sumaku inayobisha hodi

Kwa miaka mingi madaktari walijua dalili za konzo bila kuona jeraha lake. Amri ya kutembea huanzia kwenye gamba la juu la ubongo, katika seli ndefu zinazoteremka hadi uti wa mgongo. Huko hukabidhi ujumbe kwa seli za pili zinazofika kwenye misuli. Kukakamaa kwa miguu kulionyesha kwamba zilizoharibika ni zile za kwanza, yaani seli za juu za mwendo. Ushahidi wa vipimo ulihitajika.

Mwaka 1993 kundi la watafiti lililowajumuisha Thorkild Tylleskär, William Howlett na Hans Rosling lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wawili wa konzo waliolemaa vibaya. Picha za ubongo na uti wa mgongo zilizopigwa kwa mashine ya MRI hazikuonyesha kasoro. Ndipo ikatumika njia nyingine: koili iliyowekwa juu ya kichwa ilitoa mpigo mfupi wa nguvu ya sumaku, ambao hupita kwenye fuvu bila maumivu makubwa na kuziamsha seli za mwendo. Kwa mtu mzima, msuli wa mkono au mguu hushtuka mara moja. Kwa wagonjwa hao, hakukuwa na jibu.

Matokeo hayo yalikuwa na uzito. Ubongo ulioonekana mzima katika picha ulikuwa umepoteza njia yake ya kuamrisha misuli. Yalisaidia pia kuitenganisha konzo na ugonjwa unaofanana nao, ule unaosababishwa na virusi vya HTLV-1, ambao kwa kawaida huanza polepole na kuendelea kukua. Uchunguzi wa baadaye wa wagonjwa wa Kongo, uliochapishwa mwaka 2002 na kundi la daktari Désiré Tshala-Katumbay, ulithibitisha kwamba njia hizo za mwendo ndizo zinazoathirika.

Kifaa kinachosikiliza

Kipimo hicho hubisha hodi kwenye ubongo na kungoja kuitikiwa. Kipo kingine ambacho hakibishi, bali husikiliza. Huitwa magnetoensefalografia, kwa kifupi MEG.

Kila seli za ubongo zinapowasiliana, mikondo midogo ya umeme hupita, na kila mkondo wa umeme huzaa nguvu ya sumaku kuuzunguka. Nguvu ya ubongo ni hafifu mno: ile ya sumaku ya dunia, inayoelekeza dira ya nahodha, huizidi mamia ya mamilioni ya mara. David Cohen aliipima kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1968. Baadaye alipata vipimo bora zaidi kwa kutumia vihisio vinavyopozwa kwa heliamu ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Mashine za kawaida za leo zina vihisio vipatavyo 300 ndani ya kofia kubwa, na mgonjwa huketi katika chumba chenye kuta maalumu za kuzuia sumaku za nje.

Faida ya MEG ni kasi. Huonyesha kazi ya ubongo kwa kila sehemu ya elfu ya sekunde, na nguvu ya sumaku haipotoshwi sana na mfupa wa fuvu. Kwa sababu hiyo imetumika katika magonjwa ambayo seli za neva huchakaa na kufa kidogo kidogo. Kwa wagonjwa wa Alzheimer, midundo ya ubongo hupungua kasi. Kwa wenye Parkinson, midundo ya eneo la mwendo hubadilika. Watafiti wa Oxford wameitumia pia kwa ugonjwa wa ALS, unaoua seli za mwendo za juu na za chini, wakaona mabadiliko katika midundo ya gamba la ubongo linaloamrisha misuli.

Konzo si ugonjwa wa kuchakaa polepole kama hiyo. Pigo lake huja mara moja. Hata hivyo inagusa seli za juu za mwendo zile zile ambazo ALS huzishambulia, na huacha swali ambalo kifaa cha kusikiliza kingeweza kulijibu vizuri.

Watoto wanaotembea vizuri

Swali hilo linahusu watoto. Mwaka 2013 kundi la Michael Boivin na Désiré Tshala-Katumbay lilichapisha utafiti uliofanywa Kahemba, kusini-magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watoto wenye konzo walipimwa uwezo wa kufikiri, kukumbuka na kutumia mikono, wakalinganishwa na watoto wasio na konzo wa eneo hilo hilo na wengine wa eneo ambalo ugonjwa haupo.

Wenye konzo walipata alama za chini, kama ilivyotazamiwa. Jambo zito zaidi ni kwamba hata watoto waliokuwa wakitembea vizuri, lakini wakiishi katika maeneo yenye konzo, walikuwa nyuma ya wenzao wa eneo salama. Kulemaa kwa miguu kunaonekana na kila mtu, ilhali athari hii huweza kupita bila mzazi wala mwalimu kuigundua.

Hapo ndipo thamani ya kupima kazi ya ubongo, si umbo lake tu, inapoonekana. Picha ya MRI huweza kuwa safi na bado midundo ya ubongo ikawa imebadilika. Kikwazo ni mahali: wagonjwa wa konzo wako vijijini, na mashine ya MEG ya heliamu ina uzito mkubwa, gharama kubwa na chumba chake cha pekee. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham na wenzao wa London walionyesha kofia yenye vihisio vidogo visivyohitaji heliamu, inayomruhusu anayevaa kusogeza kichwa. Kinga dhidi ya sumaku za nje bado inahitajika, lakini kofia ya namna hiyo humfaa mtoto kuliko mashine ya zamani.

Kinga: unga, maji na saa mbili za jua

Vipimo vya ubongo hueleza uharibifu baada ya kutokea. Seli zilizokufa kwa konzo hazirudi. Mgonjwa husaidiwa kwa mazoezi ya viungo, fimbo au kiti cha magurudumu, na wengine kwa upasuaji wa kurefusha kano za kisigino. Kwa hiyo kipimo kinachookoa miguu ni kile cha unga.

Kiwango kilichowekwa na WHO pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, ni miligramu 10 za sianidi kwa kila kilo ya unga wa muhogo. Unga uliopimwa kaskazini mwa Msumbiji umewahi kukutwa na mara kadhaa ya kiwango hicho, hasa katika miaka ya ukame. Profesa Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, alitengeneza karatasi ndogo za njano zinazobadilika rangi kuelekea kahawia kadiri sianidi inavyozidi. Mhudumu wa afya huweza kuzitumia kijijini bila maabara.

Bradbury na wenzake walitoa pia njia rahisi ya kuusafisha unga. Unga hutiwa katika beseni na alama kuwekwa mahali ulipofikia. Maji huongezwa huku unga ukikorogwa. Mwanzoni hushuka, kisha hupanda tena. Ukifika kwenye alama, maji yanatosha. Unga huo uliolowa hutandazwa juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi hupotea hewani, na unga hupikwa siku hiyo hiyo kama kawaida. Sumu hupungua hadi kubaki kati ya theluthi na sudusi ya ile ya mwanzo.

Njia hiyo ilijaribiwa katika eneo la Popokabaka, Kongo, pamoja na mpango wa taifa wa lishe wa nchi hiyo. Wanawake wa vijiji vilivyohusika waliifuata na kusema ugali wake ni mzuri zaidi, kwa kuwa uchungu hupungua. Katika kijiji cha Kay Kalenge wagonjwa wapya wa konzo walikoma kupatikana, na tiosianati katika mikojo ya watoto wa shule ikashuka.

Palma leo

Yaliyosababisha konzo Nampula na Mogincual yanajulikana: ukame, vita, watu kuhama mashamba yao, na chakula kubaki cha aina moja. Tangu uasi ulipoanza Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017, familia nyingi za kaskazini zimehama zaidi ya mara moja. Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliharibu mashamba na mashua katika jimbo hilo hilo. Mvuvi asiyeweza kwenda baharini hukosa samaki, na samaki ndiye anayeupa mwili salfa ya kupambana na sumu.

Anayerudi kwenye shamba aliloliacha hukuta muhogo ungali ardhini. Huo ni msaada mkubwa, mradi uandaliwe ipasavyo. Muhogo mtamu uliomenywa na kuchemshwa vizuri, unaoliwa pamoja na samaki au kunde, ni chakula chema. Muhogo mchungu unahitaji kulowekwa au kuvundikwa kwa siku za kutosha, na unga wake hunufaika na saa mbili za ziada juani. Mtoto au mama anayeanza ghafla kujikwaa au kukakamaa miguu anastahili kufikishwa kituo cha afya upesi, na chakula cha nyumba nzima kiangaliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa wanaokula sufuria moja wako katika hatari moja.